Ganzi Iliyoachia Mapema

Nina tabia moja ambayo mume wangu anaiita ugonjwa: simwamini mtu mpaka nimwone mikono. Anasema nilikosea kazi, eti badala ya kuwa msaidizi wa daktari wa meno ningekuwa mpelelezi wa polisi. Namwambia kazi ni ile ile. Mtu akishapanua mdomo kwenye kiti chetu, hata kabla daktari hajashika kioo, mimi nimeshajua kama anapiga mswaki au anapiga porojo.

Kliniki yetu si kubwa. Kuna chumba cha kusubiri chenye viti sita na runinga isiyotoa sauti, kuna chumba cha matibabu, choo, na stoo yenye kidirisha cha kutolea vitu. Daktari ni mmoja, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Mimi nina mwaka wa kumi na tisa pale. Daktari mzee alipostaafu, huyu wa sasa aliichukua kliniki akanikuta ndani pamoja na makabati.

Na kwenye stoo alikuwepo wifi yangu.

Huyo nilimleta mwenyewe. Ni dada wa mume wangu, anamfuata kwa miaka miwili. Alipoachwa na mumewe alikuja kwetu, akalala sebuleni miezi minane. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa kupanga vitu. Alinipangia kabati, akanipangia sufuria, akanipangia hadi viatu vya watoto, mwisho nikawa nauliza chumvi iko wapi ndani ya jiko langu mwenyewe. Kwa hiyo daktari aliposema anatafuta mtunza stoo, nilimsifia wifi yangu mpaka koo likanikauka. Akapata kazi. Akapanga chumba mtaa wa pili, akanunua kitanda, akanunua pazia, akaanza kucheka tena. Kila Jumapili alikuja kula kwetu, na watoto wangu wakawa wanamgombania shangazi yao kama vile hawajamwona mwaka. Wagonjwa walimwita Mama Funguo, maana alitembea na rundo la funguo kiunoni na ulimsikia kabla hujamwona.

Ile kazi ndiyo iliyomsimamisha. Nalisema mapema ili lieleweke. Akiipoteza, chumba kinaondoka, na yeye anarudi kwenye kochi letu akiwa ameachwa mara ya pili.

Sasa tatizo lilianza hivi. Siku zote tulikuwa tukitumia lignokeini, dawa ya ganzi ambayo hata mgonjwa asiyejua kusoma anaijua kwa jina. Akaja muuza dawa mmoja, viatu vinang'aa, akaisifia nyingine inayoitwa atikeini. Eti inazama hadi kwenye mfupa, eti gego la chini linang'oka mgonjwa akisinzia. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Asante, niachie maboksi kadhaa." Alipotoka, akatuita mimi na wifi.

"Mimi siamini karatasi za matangazo," alisema. "Tutazilinganisha wenyewe, hapa hapa, miezi mitatu. Na ili tusijidanganye, mimi sitajua nachoma dawa gani, na wewe nesi hutajua. Atakayejua ni mtunza stoo peke yake."

Utaratibu ukawa kwamba wifi anavifunika vile vichupa vidogo vya kioo kwa plasta nyeupe, kila kichupa anakiandikia nambari yake. Orodha ya kuonyesha nambari ipi ni dawa ipi inabaki kwake, ndani ya kabati la chuma. Mimi kila Jumatatu nachukua vya wiki nzima pale dirishani, tena bila kuandikishana, maana sisi ni ndugu. Daktari akichoma, mimi nasimama na saa na kuandika kwenye fomu, kando ya nambari ya kichupa: mdomo umekufa ganzi baada ya dakika ngapi, ganzi imedumu mpaka kazi ikaisha au la, imebidi kuongeza sindano au haikubidi.

Sitaficha, jambo hilo liliniuma. Miaka kumi na tisa nawashika wagonjwa mabega, leo siri anapewa mtu wa juzi, tena mtu niliyemtoa sebuleni kwangu! Nikawa nikipita pale stoo namtupia jicho la pembeni. Yeye anafunga plasta zake, ananiuliza, "Vipi, wifi?" nami najibu, "Salama," kwa sauti ya mtu ambaye si salama.

Wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ya nne tukaanza kuaibika.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa watu mwenye gego la chini lililooza hadi mizizi. Daktari alimchoma, na baada ya dakika tatu nilimgusa mdomo akasema hasikii kitu. Daktari akaanza kazi. Dakika ya kumi na mbili, gego limeshalegea upande mmoja, mzee akaudaka mkono wa daktari akaukaza kama anamkamata mwanafunzi mtoro. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Daktari akaongeza sindano ya pili, na kichupa hicho nacho kikashika haraka kikaachia haraka. Damu ikawa nyingi kuliko kawaida, pamba moja baada ya nyingine.

"Damu yote hii inatoka wapi?" daktari alinong'ona.

Kazi ilipokwisha, mzee, mdomo ukiwa umepinda nusu, akasema, "Daktari, ganzi yako inatoka kazini mapema kuliko wewe."

Alisema kwa utani, lakini daktari hakucheka. Kesho yake akaja dereva wa lori, mwanaume wa miraba minne, akapiga ukelele ambao uliwafanya watu wawili kwenye chumba cha kusubiri wakumbuke ghafla kwamba wana haraka. Kisha akaja fundi cherehani, yeye hakupiga kelele, alilia tu kimya kimya akinishika aproni, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Katikati yao walikuwepo wengine ambao ganzi iliwashika saa mbili nzima, wakatoka wanajing'ata midomo bila kujua. Hakukuwa na mpangilio wowote. Asubuhi dawa ni dawa, mchana dawa ni maji.

Daktari alimwita wifi akamuuliza jambo moja tu. "Usinitajie nambari. Niambie tu, hivi vilivyoshindwa ni vya dawa moja?"

"Hapana, daktari," wifi alijibu. "Ni zote mbili. Nusu kwa nusu."

Nilikuwa naosha vyombo nyuma yao, na masikio yangu hayakuwa yanaosha kitu. Kama ingekuwa lignokeini peke yake, ningesema imezeeka. Kama ingekuwa atikeini peke yake, ningesema yule mwenye viatu vinavyong'aa katuuzia takataka. Lakini zote mbili? Basi tatizo haliko kwenye dawa, liko kwenye mkono. Na mkono unaolala na zile dawa, wenye ufunguo na orodha na plasta ya kufunikia, ni mmoja tu. Chini ya plasta unaweza kuweka chochote.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kumchunguza, na mtu ukimchunguza hukosi kitu. Niligundua ana daftari dogo la kijani, si lile la stoo, na kila nikikaribia analifunga. Niligundua anazungumza peke yake akihesabu kwa vidole. Halafu siku moja, daktari ameshaondoka, nilirudi kuchukua mwavuli wangu nikamkuta chumba cha matibabu amevaa glavu, ameinamia lile kopo la kutupia vichupa vilivyotumika. Anakitoa kimoja, anasoma plasta, anakirudisha. Anatoa kingine, anasoma, anakifunga kwenye karatasi, anakitia kwenye mfuko wake wa kitambaa.

Nilisimama nyuma ya mlango. Vichupa vitupu mtu mzima avipeleke wapi, kama si kwenda kuvijaza? Nilishaona mchezo wote kichwani: dawa halisi inanyonywa inauzwa mtaani, vichupa vinarudi na maji ya bomba, plasta nyeupe juu, nambari juu ya plasta, na mimi nasimama na saa kama mjinga.

Siku mbili baadaye akaniuliza, sauti ya upole kabisa, "Wifi, vile vichupa unavyochukua Jumatatu, huwa vinaisha lini?"

"Unanihesabia?"

"Nauliza tu."

"Basi niulize ya nyumbani. Ya kazini aniulize daktari."

Akarudi kwenye plasta zake. Nikajisemea, huyu anataka kujua mimi najua nini.

Nikamwambia mume wangu. Tulikuwa mezani, watoto wametoka kucheza. Nikamwambia dada yako ana mkono mrefu. Akaweka kijiko chini.

"Una ushahidi?"

"Nina macho."

"Macho yako," alisema, "yaliwahi kumwona mchungaji anaiba sabuni yetu, na sabuni ilikuwa chini ya beseni."

Nikamwambia sabuni na ganzi ni vitu viwili tofauti. Hakumalizia chakula chake.

Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mgonjwa alikuwa binti anayesubiri mtihani wa chuo, ameshikilia mkono wa mama yake. Ganzi ikamwachia katikati ya kazi. Alipiga yowe moja, akazimia. Tulimzindua, tukamlaza, daktari akamalizia kwa sindano tatu. Walipoondoka, aliitupa koleo kwenye sinia mpaka vyombo vikaruka.

"Leo nataka kujua," alisema. "Nawatesa watu, na sijui kwa nini."

Nami bila kumeza mate nikasema, "Daktari, muulize mwenye funguo amebeba nini kwenye mfuko wake."

Wifi aliitwa. Mfuko ukafunguliwa juu ya meza. Vilitoka vichupa kumi na kimoja vilivyotumika, kila kimoja kwenye karatasi yake, pamoja na lile daftari la kijani. Nikajisikia mshindi, kwa kweli nilijisikia hivyo.

"Unavipeleka wapi?" daktari aliuliza.

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kuviangalia."

Nikacheka kwa sauti. "Kuviangalia! Kwani ni picha za harusi?"

Daktari akamwambia ajieleze. Wifi akanitazama mimi, si daktari. Hakuwa na hasira machoni. Alinitazama kama mtu anayesubiri umwambie kitu.

"Naomba siku mbili, daktari," alisema. "Kuna mtu nataka nizungumze naye kwanza."

Kwangu mimi hapo alikuwa amekiri: ana mwenzake wa njama. Nadhani hata daktari aliona hivyo. Akamwambia aache funguo, aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Wifi alifungua lile rundo kiunoni, akaliweka juu ya meza taratibu bila kelele, akatoka. Daktari akanisukumia funguo na daftari. "Shika stoo kwa sasa," alisema. "Endelea pale alipoishia."

Jumamosi wifi alinipigia simu mara nne. Sikupokea. Mara ya tano alikuja mwenyewe mlangoni, nikamtuma mwanangu wa kike akamwambie sipo. Nilimsikia akisema, "Haya, mama, mwambie nilipita." Jumapili hakuja kula, na mume wangu alikula akiwa ameegemea ukuta barazani, peke yake.

Jumatatu asubuhi nilifungua stoo, nikalifungua daftari la kijani ili nimkamate vizuri na maandishi yake mwenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sikulitaja, kwa sababu sikuwahi kuliona kuwa ni jambo. Daktari mzee ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwamba dawa ya baridi inauma ikiingia, hivyo kichupa kipashwe moto kwanza. Miaka yote nilivipasha kiganjani, kimoja kimoja, mgonjwa akiwa anakaa. Lakini wiki ile ile tuliyoanza kulinganisha dawa tulipata mashine mpya ya kutakasia vyombo, na juu yake kuna bati linalopata joto zuri mchana kutwa. Nikaona nijipunguzie kazi. Vichupa vya wiki navimimina kwenye bakuli la chuma, bakuli naliweka juu ya bati, kando ya dirisha la jua. Jumatatu ikifika namimina vipya juu ya vilivyobaki, na mgonjwa akija nachota vya juu. Siku za wagonjwa wengi mkono unafika chini kwenye vya zamani. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba wagonjwa wangu wanachomwa dawa ya vuguvugu.

Daftari lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Nambari ya kichupa, tarehe kilipotoka stoo, tarehe kilipotumika, ganzi ilidumu au haikudumu. Nilifuata kwa kidole. Kila kilichotumika ndani ya siku mbili tatu, alama nzuri. Kila kilichokaa wiki, alama ya swali. Kichupa alichochomwa mwalimu mstaafu kilitoka stoo siku ishirini na tatu kabla. Cha fundi cherehani, siku kumi na nane. Aina ya dawa haikuwa na maana, lignokeini na atikeini zilikufa pamoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno haya, kwa mwandiko wake wa kulala:

"Dawa inaharibika baada ya kutoka stoo. Boksi linasema isikae kwenye joto wala mwanga, adrenalini iliyomo ya kubana mishipa ya damu inakufa, ganzi haikai, damu inatoka nyingi. Nimuulize wifi anaviweka wapi. Nisimwambie daktari kabla sijamwambia yeye. Atafukuzwa."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda chumba cha matibabu nikalishika bakuli, na vidole vyangu vikaruka. Nikatoa kichupa cha chini kabisa, nikabandua plasta, nikakiinua dirishani kando ya kipya nilichokibandua pia. Kipya kilikuwa cheupe kama maji. Changu kilikuwa na rangi ya mkojo.

Kwa hiyo yule mtu aliyetaka kuzungumza naye kwanza alikuwa ni mimi.

Sasa mtu mwema angefanya nini? Angekimbia kwa daktari asubuhi ile ile. Mimi nilifunga mlango, nikamwaga bakuli zima kwenye kopo la taka, nikachukua vichupa vipya stoo, nikaviweka kwenye droo yenye kivuli, nikafuta lile bati mpaka likang'aa. Nilijiambia nitasema kesho. Miaka kumi na tisa si kitu cha kutupa dirishani, na umri wangu nani ataniajiri? Nikajiambia daktari akitulia hasira atamrudisha mwenyewe.

Kilichotokea ndicho nilichopaswa kukijua. Dawa ilipona. Jumanne wagonjwa watano, ganzi imeshika kwa wote. Jumatano sita, hakuna aliyeguna. Daktari alifanya kazi akiimba puani, jambo ambalo sijawahi kulisikia.

"Unaona?" aliniambia akivua glavu. "Yule mwizi kaondoka, na dawa imekuwa dawa."

Nikasema, "Ndiyo, daktari."

Alhamisi alirudia, mbele ya mgonjwa. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ni jibu. Kila kichupa kilichofanya kazi vizuri kilikuwa shahidi wa pili dhidi ya wifi yangu, na mimi ndiye niliyekuwa naviandaa mashahidi hao kila asubuhi. Nyumbani mume wangu alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Alirudi akasema dada yake anatafuta wa kumwachia kile chumba. Nilimuuliza kama amesema lolote kuhusu mimi.

"Ameniuliza tu kama umesoma daftari," alisema. "Nikamwambia sijui. Umelisoma?"

"Bado," nilisema.

Ijumaa jioni, mgonjwa wa mwisho ametoka, daktari aliweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi, yenye neno wizi kwenye mstari wa pili. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya shahidi. "Wewe ndiye uliyeona," alisema, akanipa kalamu.

Niliishika ile kalamu, na nasema ukweli, nilikaribia. Nilishaanza hata herufi ya kwanza. Kisha nikaliona lile neno, nikafikiria wifi akitembea na barua hiyo mlango kwa mlango akiomba kazi, na mkono ukagoma.

"Daktari," nilisema, "dawa haikuharibikia stoo. Iliharibikia kwangu."

Nikamletea bakuli. Nikamwonyesha mahali lilipokuwa linakaa, akaweka kiganja juu ya bati akakiondoa upesi. Nikamfungulia daftari. Alisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika wa mwisho akakaa.

"Umelijua hili lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo, daktari."

Aliivua miwani. "Mara mbili wiki hii nimemwita yule mwanamke mwizi. Mara zote mbili ulikuwa umesimama hapo hapo, umeshika saa."

Nilitamani anitukane, lakini alichana ile barua vipande viwili, akasema mimi nitapata onyo la maandishi, na kwamba kulinganisha dawa kutaanza upya kutoka nambari ya kwanza, maana miezi miwili yote haina maana tena. "Nami nina deni langu kwake la kuomba radhi," alisema. "Lakini wewe nenda kwanza. Leo."

Nilikwenda kwa miguu, jua bado lipo. Nilimkuta wifi anapiga pasi koti lake jeupe la kazi. Alikuwa amelifua ili alirudishe likiwa safi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikasimama mlangoni nikasema yote bila kupumua: bakuli, joto, daktari ameambiwa, barua imechanwa, urudi kazini Jumatatu, nisamehe, nisamehe.

Alisimamisha pasi wima. "Ulisoma ukurasa wa mwisho?"

"Niliusoma."

"Siku gani?"

Ningeweza kusema leo. Asingejua. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha.

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole, kama alivyozoea. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Vidole vitano vikaisha.

"Kama ningekuwa nimekosea kukushuku, ungenisamehe?" aliuliza.

"Hukunishuku."

"Nilikushuku, wifi. Tangu wiki ya tano nilijua ni wewe. Ndiyo maana nilikutafuta, nikakupigia, nikaja mpaka mlangoni kwako. Nilikuwa nimepanga tuseme pamoja kwa daktari kwamba ni joto tu, hakuna aliyejua." Akaukunja waya wa pasi, taratibu. "Siku ulizonituhumu nimekusamehe, maana ulikuwa hujui. Hizi tano, ulikuwa unajua."

Nilianza kulia. Hakunizuia, na hakunisogelea.

"Kazini nitakuja," alisema, "kazi ni ya daktari. Kwako siji."

Jumatatu nilimsikia kabla sijamwona. Daktari alikuwa amezichukua funguo kwangu akatoka nje kumpokea, na sijui walizungumza nini, ila daktari alirudi macho mekundu. Nikaenda pale kidirishani kuchukua vichupa. Alikuwa ameshavipanga vinane tu, vya siku moja, na pembeni daftari jipya lenye mistari ya rula na nafasi ya sahihi.

"Habari za asubuhi, wifi," nilisema.

Aligeuza daftari liwe upande wangu, akaweka kalamu katikati.

"Tia sahihi hapo, nesi," alisema.